Lugha, Kumbukumbu na Kazi: Historia ya Ubora na Udhaifu wa Mchezo wa The Witcher 3 kutoka Poland

Ikisiri

Makala haya yanachunguza The Witcher 3: Wild Hunt, mchezo wa video wa kifantasia uliotolewa na kampuni ya CD Projekt ya Poland tarehe 19 Mei 2015. Mchezo huu umesifiwa duniani kote, na mafanikio yake yametajwa na viongozi wa serikali kama kielelezo cha uchumi mpya wa nchi hiyo. Hoja yetu ni kwamba ubora wake ulitokana na kazi ndefu ya lugha, fasihi na tafsiri iliyotangulia teknolojia, na kwamba udhaifu wake unaonekana hasa pale ambapo kazi hiyo ilipunguzwa, ilichujwa au haikulipwa ipasavyo. Mshauri wa sera anayetaka kujifunza kutokana na mfano huu anapaswa kusoma pande zote mbili kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Katika The Witcher 3, mchezaji huchukua nafasi ya Geralt wa Rivia, mtu aliyebadilishwa mwili tangu utotoni ili awe mwinda mazimwi kwa malipo. Geralt anamtafuta Ciri, binti aliyemlea, katika nchi zilizoharibiwa na vita baada ya dola ya Nilfgaard kuivamia Kaskazini. Mchezaji hupita vijijini, hupokea kazi, hupambana, huzungumza na wahusika na kufanya maamuzi ambayo hubadilisha mwendo wa visa. Hii ndiyo aina ya michezo inayoitwa michezo ya kuigiza wahusika.

Mwaka 2015 mchezo huu ulitangazwa kuwa mchezo bora wa mwaka katika tuzo za The Game Awards, na mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba nakala zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeuzwa. Hata kabla ya hapo, Rais Barack Obama alipozuru Warsaw mwezi Mei 2011, Waziri Mkuu Donald Tusk alimpa zawadi ya mchezo uliotangulia huu, The Witcher 2. Obama aliporejea Warsaw mwaka 2014 aliikumbuka zawadi hiyo hadharani. Alikiri kwamba yeye si hodari wa michezo ya video, lakini aliutaja kuwa mfano mzuri wa nafasi ya Poland katika uchumi wa dunia.

Tukio hilo la kidiplomasia lina uzito kwa mwanahistoria. Nchi ambayo robo karne kabla ya hapo ilikuwa bado ndani ya kambi ya Kisovieti ilichagua kujitambulisha kwa mgeni wake kwa mchezo wa kompyuta. Makala haya yanauliza jambo hilo liliwezekanaje, na gharama yake ililipwa na nani.

2.0 Mizizi: kutoka hadithi ya strzyga hadi gulio la kompyuta

Kati ya mwaka 1795 na 1918 Poland haikuwapo katika ramani ya Ulaya kama dola huru. Ardhi yake iligawanywa na Urusi, Prussia na Austria. Katika kipindi hicho lugha na fasihi ndizo zilizobeba dhima ya taifa. Adam Mickiewicz, mshairi mkuu wa Kipolandi, alichapisha mwaka 1823 sehemu za tamthilia yake ya kishairi Dziady, iliyojengwa juu ya desturi ya wanakijiji ya kuwaita na kuwalisha wafu. Imani ya mkulima asiyejua kusoma iliingizwa katika fasihi ya juu, na tangu hapo haikuondoka. Nguvu yake ya kisiasa ilidumu: serikali ya kikomunisti ilipoamuru kusitishwa kwa onyesho la Dziady jijini Warsaw mwanzoni mwa mwaka 1968, wanafunzi waliandamana, na maandamano hayo yakafungua mgogoro mkubwa wa mwezi Machi mwaka huo.

Kiungo cha pili cha historia hii ni jarida la Fantastyka, lililoanzishwa mwaka 1982 wakati nchi ikiwa chini ya sheria ya kijeshi. Jarida hilo liliandaa shindano la hadithi fupi, na mwaka 1986 likachapisha hadithi iliyoitwa Wiedźmin ya Andrzej Sapkowski, mfanyabiashara ambaye hakuwa na jina katika fasihi. Hadithi hiyo, iliyoshika nafasi ya tatu, ilichukua ngano ya zamani kuhusu binti mfalme aliyegeuka strzyga, yaani zimwi linalotoka kaburini usiku, na kuisimulia kwa macho ya mtu wa kazi anayepatana bei kwanza. Wakati wa miaka ya 1990 Sapkowski aliiendeleza hadithi hiyo kwa mfululizo wa riwaya.

Kiungo cha tatu ni soko. Hadi Bunge la Poland lilipopitisha sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1994, programu za kompyuta hazikuwa na ulinzi ulio wazi, na nakala bandia ziliuzwa hadharani. Marcin Iwiński na Michał Kiciński, marafiki tangu sekondari, waliuza michezo katika gulio la kompyuta jijini Warsaw kabla ya kuanzisha CD Projekt mwaka huohuo wa 1994. Tatizo lao lilikuwa rahisi kulieleza: kwa nini mteja anunue nakala halali ilhali ya bandia ni ya bei ndogo? Jibu walilolipata lilikuwa la lugha. Mwaka 1999 walitoa toleo la Kipolandi la mchezo wa Kimarekani na Kikanada Baldur's Gate. Maandishi yote yalitafsiriwa, waigizaji mashuhuri akiwamo Piotr Fronczewski waliweka sauti zao, na kasha likajazwa ramani na diski ya muziki. Kwa maelezo ya waanzilishi, nakala zipatazo 18,000 ziliuzwa siku ya kwanza, jambo lisilotarajiwa katika soko lile.

Tafsiri hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kampuni. Katika kuitafsiri kazi ya wengine, walijifunza jinsi mchezo wa aina hii unavyofumwa: jinsi mazungumzo yanavyogawanyika matawi na jinsi jina la silaha linavyobeba historia. Mradi wao uliofuata wa kuhamishia mchezo mwingine kwenye kompyuta ulipovunjwa na mchapishaji wa kigeni, walibaki na watu wenye ujuzi bila kazi. Hapo ndipo walipoamua kutengeneza mchezo wao wenyewe kutokana na hadithi za Sapkowski. The Witcher ya kwanza ilitoka mwaka 2007, ya pili mwaka 2011, na ya tatu mwaka 2015.

3.0 Nguvu za mchezo

3.1 Imani za watu kama muundo wa kisa

Michezo mingi ya kifantasia hutumia mazimwi kama shabaha za kupigwa. The Witcher 3 inapofaulu, zimwi huwa na sababu ya kuwapo. Katika kijiji cha mwanzo cha White Orchard mchezaji hukutana na południca, pepo wa mchana wa jua kali anayejulikana katika ngano za Kislavoni. Upanga pekee hautoshi kumwondoa. Geralt lazima achunguze kisima, apate habari za mwanamke aliyeuawa, na achome kitu kilichomfunga mwanamke huyo duniani. Uchunguzi huo ni somo dogo la historia ya kijiji.

Mfano ulio mzito zaidi unapatikana katika kisa cha Baroni wa Velen. Mtawala huyu, mlevi mwenye mkono mwepesi, alimpiga mkewe Anna naye akaharibikiwa na mimba. Mtoto huyo, aliyezikwa bila jina, anarudi akiwa poroniec. Mchezaji anaweza kumuua zimwi huyo, au anaweza kumtaka Baroni ambebe mikononi usiku kucha, amwombe msamaha, ampe jina na kumzika chini ya kizingiti cha nyumba. Akifanya hivyo, poroniec anageuka kłobuk, roho mlinzi wa nyumba. Desturi ya kumpa mtoto jina na kumzika mahali stahiki imekuwa hapa njia ya baba kukiri kosa lake kwa matendo. Ni vigumu kufikia athari hiyo bila hazina ya imani iliyokwisha kukusanywa, kuandikwa na kujadiliwa kwa vizazi.

Katika eneo hilohilo la Velen kipo kisa kinachoitwa, katika toleo la Kipolandi, Dziady. Geralt anailinda ibada ya wanakijiji wanaowaita wafu wao. Mchezaji wa Poland aliyesoma Mickiewicz shuleni huitambua ibada hiyo mara moja, na mchezaji wa Brazil au Japani hupokea kisa kinachosimama chenyewe. Kazi moja inasema na wasomaji wawili bila kumdhalilisha yeyote.

3.2 Uamuzi usio na jibu safi

Nguvu ya pili ni namna mchezo unavyoshughulikia dhamiri. Msituni Velen mchezaji hukuta roho iliyofungwa chini ya mti. Akiifungua, watoto yatima walioandaliwa kuliwa na wachawi watatu wa kinamasi wanaokolewa, lakini Anna hufa na Baroni hujinyonga. Akiiua roho hiyo, watoto wanapotea na Anna anabaki hai akiwa amerukwa na akili. Matokeo huja baada ya saa nyingi za mchezo, wakati mchezaji hawezi tena kurudi nyuma kwa urahisi. Hakuna alama zinazomwambia kwamba ametenda wema au ubaya. Kwa jamii iliyopita katika ukaliaji wa kigeni na dola ya upelelezi, ambamo watu wa kawaida walilazimika kuchagua kati ya hasara mbili, mtindo huu wa kusimulia una asili yake.

3.3 Tafsiri kama sehemu ya utunzi

Mchezo ulitoka kwa lugha 15 za maandishi, na katika 7 kati ya hizo wahusika wote walipewa sauti. Toleo la Kiingereza halikufuata la Kipolandi neno kwa neno. Wakazi wa visiwa vya Skellige, kwa mfano, walipewa lafudhi ya Kiayalandi, ili tofauti za kimaeneo zisikike pia kwa sikio la mgeni. Kampuni iliyozaliwa katika tafsiri ilijua kwamba tafsiri haifanywi wiki ya mwisho.

4.0 Udhaifu wa mchezo

4.1 Upana uliozidi visa

Ramani ya mchezo ni kubwa kuliko visa vilivyoandikwa kwa ajili yake. Katika bahari ya Skellige zimetawanywa alama nyingi za kuuliza, na nyingi kati ya hizo huongoza kwenye masanduku ya magendo yanayofanana. Mchezaji husafiri kwa mashua, hupiga mbizi, huchukua vitu ambavyo havihitaji, kisha huanza tena. Mapigano nayo, baada ya saa za mwanzo, hurudia mkwepo na pigo lilelile. Hisia maalumu za Geralt, zilizokusudiwa kuonyesha weledi wa mpelelezi, mara nyingi humfanya mchezaji afuate nyayo zenye rangi nyekundu bila kufikiri. Aidha kuna mgongano wa msingi: Ciri anawindwa na kila saa ina thamani, lakini mchezo unamkaribisha baba mlezi wake acheze karata za Gwent katika kila kilabu cha pombe. Karata hizo ni ubunifu mzuri, lakini zinaudhoofisha msukumo wa kisa.

Watengenezaji walirekebisha baadhi ya kasoro. Julai 2015 waliongeza mtindo mwingine wa mwendo baada ya wachezaji kulalamika kwamba Geralt alikuwa mzito kugeuka. Upana wenyewe, hata hivyo, haukuweza kurekebishwa, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya ahadi ya kibiashara.

4.2 Kumbukumbu iliyochujwa

Mwaka 2015 baadhi ya wahakiki walibainisha kwamba binadamu wote katika mchezo wa msingi ni weupe. Watetezi walijibu kwamba ulimwengu huo ni wa Kislavoni, na kwamba kudai watu wa rangi nyingine ni kuilazimisha Poland ifuate historia ya Marekani. Jibu hilo lina ukweli ndani yake: mtu hapaswi kuihukumu kila jamii kwa kipimo cha jamii moja. Lakini kama hoja ya kihistoria lina upungufu. Jumuiya ya Poland na Lithuania ilikuwa makazi ya Wayahudi, Waarmenia, Waruthenia na Watatari Waislamu, ambao misikiti yao ya mbao ya Kruszyniany na Bohoniki ingali imesimama mashariki mwa Poland. Mwaka 1939 Wayahudi walikuwa takriban sehemu moja ya kumi ya raia wa nchi hiyo. Poland yenye sura moja ilitokana na mauaji ya halaiki yaliyofanywa na Wanazi, kuhamishwa kwa mipaka na kuhamishwa kwa watu katika miaka ya 1940.

Kwa hakika mchezo wenyewe unaijua historia hiyo kwa njia ya fumbo. Katika mji wa Novigrad wachawi huchomwa hadharani, kisha zamu inawafikia elfu na mbilikimo, ambao maduka yao yanashambuliwa. Ni vigumu kutazama mandhari hayo bila kuyakumbuka mashambulizi dhidi ya Wayahudi katika miji ya Ulaya Mashariki. Hapa ndipo ilipo nguvu na kasoro kwa pamoja: ubaguzi unasimuliwa kwa ujasiri, lakini wahasiriwa wake wamewekwa katika miili ya viumbe wa kubuni. Nyongeza ya Hearts of Stone ya Oktoba 2015 ilileta watu wa Ofir, nchi ya mbali yenye sura ya Mashariki, lakini walikuja kama wafanyabiashara na mahasimu wapitao tu.

Jambo kama hilo linaonekana katika nafasi ya wanawake. Ciri na Yennefer ni wahusika wenye nia na uwezo wao, na huo ni mwendo mrefu kutoka mchezo wa mwaka 2007, ambamo mchezaji alikusanya picha za wanawake aliolala nao kama karata. Hata hivyo, katika kisa cha Baroni, mpigaji ndiye anayeeleza maumivu yake kwa kirefu. Anna, aliyepigwa, anazungumza kidogo, na anapozungumza akili yake imekwisha kuvurugika. Mchezaji anaelekezwa kumhurumia mume kabla hajamfahamu mke.

4.3 Mgao na kazi

Sapkowski aliuza haki za kutumia hadithi zake kwa malipo ya mara moja. Amewahi kueleza hadharani kwamba alipewa nafasi ya kuchukua asilimia ya mapato akaikataa, kwa sababu hakuamini kwamba mchezo ungefaulu. Mwezi Oktoba 2018 mawakili wake walidai zloti zisizopungua milioni 60, wakitegemea kifungu cha 44 cha sheria ya hakimiliki ya mwaka 1994, kinachomruhusu mtunzi kuomba nyongeza endapo malipo yake hayalingani kabisa na faida ya aliyenunua. Desemba 2019 pande mbili zilitangaza makubaliano mapya. Sheria iliyoisaidia kampuni kujilinda dhidi ya nakala bandia ndiyo iliyompa mtunzi njia ya kurudi mezani.

Wafanyakazi hawakuwa na kifungu cha namna hiyo. Mwandishi Jason Schreier, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu utengenezaji wa michezo, ameeleza saa ndefu za kazi zilizoandamana na kukamilishwa kwa mchezo huu. Mwaka huohuo malalamiko ya wafanyakazi yalipoenea, uongozi ulijibu kwamba namna yao ya kutengeneza michezo haimfai kila mtu. Mwaka 2019 uliahidi kwamba kazi ya ziada isingekuwa ya lazima, lakini mwaka 2020 ukaamuru wiki ya kazi ya siku sita ili kukamilisha mchezo mwingine, Cyberpunk 2077, ambao hatimaye ulitoka na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony iliuondoa kwa muda katika duka lake la mtandaoni. Kwa hiyo kuchosha watu hakukuwa bei ya lazima ya ubora. Mbinu iliyosifiwa mwaka 2015 ilishindwa miaka mitano baadaye.

5.0 Maana yake kwa sera ya Kiswahili

Kati ya lugha 15 za mchezo huu Kiarabu kimo, Kiswahili hakimo. Tungekitafsiri, tatizo la kwanza lingekuwa jina lenyewe. Wiedźmin ni neno alilolibuni Sapkowski kutokana na wiedźma, yaani mchawi wa kike. Kwa Kiswahili, mchawi hudhuru na mganga hutibu, lakini Geralt hafanyi lolote kati ya hayo kwa maana kamili. Huenda tungesema mwinda mazimwi, tukapata kazi yake na kupoteza doa la uchawi linalowafanya wanakijiji wamtemee mate. Maswali ya aina hii ndiyo yaliyowafundisha wafasiri wa Warsaw kazi yao, na Kiswahili kina uwezo wa kuyakabili. Lugha iliyopata nchi ya kubuni ya Kusadikika kutoka kwa Shaaban Robert mwaka 1951 haihitaji kuazima ruhusa ya kufikiri kifantasia.

Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na UNESCO imekitengea siku ya tarehe 7 Julai. Heshima hizo zitapata maana zikifuatwa na kazi. Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza mambo manne. Kwanza, fedha za umma zielekezwe katika tafsiri ya michezo na programu kwa Kiswahili kama mafunzo ya ufundi, kabla ya kudai michezo mikubwa ya kwetu. Poland ilianzisha programu yake ya ruzuku ya GameINN mwaka 2016, yaani baada ya mafanikio ya The Witcher 3. Ruzuku haikuyazaa mafanikio hayo. Pili, ngano na desturi zikusanywe pamoja na maelezo ya muktadha wake, yakiwamo ya jamii ndogo, ili urithi usichujwe ukabaki wa kundi moja. Tatu, sheria za hakimiliki za nchi zetu zipitiwe kuona kama mtunzi au jamii iliyotoa simulizi inaweza kudai mgao faida inapopita kiasi. Nne, kampuni yoyote itakayopokea ruzuku ifungwe na masharti ya saa za kazi tangu mkataba wa kwanza.

6.0 Hitimisho

The Witcher 3 ni kazi kubwa yenye dosari zinazoonekana. Ubora wake haukuanza katika kompyuta za mwaka 2011 au 2015. Ulianza kwa wanakijiji waliowaita wafu wao, ukapita kwa mshairi, jarida, mwandishi wa ngano na wafasiri wa gulio. Dosari zake nazo zina historia: ramani iliyotanuliwa kuliko visa vyake, kumbukumbu ya taifa iliyosafishwa na vita, na kazi ya watu iliyochukuliwa kuwa haina mwisho. Waziri Mkuu alipomkabidhi mgeni wake kasha la mchezo mwaka 2011, alimpa matunda ya historia hiyo yote. Anayetaka kupata matunda kama hayo hana budi kuanza mapema katika lugha, na kuamua mapema jinsi watakaoyazalisha watakavyolipwa.